IST inakula oili, fundi anataka niweke dawa ya injini. Niweke au niache?

teacha_wa_ilazo

Wakuu habari za jioni. Naombeni ushauri kabla sijatoa hela maana hapa nimechanganyikiwa kabisa.

Nina Toyota IST old model, injini 1NZ, niliinunua mkononi kwa mtu mwaka juzi ikiwa na km 141,000 na saivi inasoma 168,000 na ushee. Miezi minne iliyopita natoka Dodoma naenda Morogoro kwenye msiba, karibu na Gairo nikawa nikikata kona taa nyekundu ya oili inawaka afu inazima, kona ingine inawaka tena. Nikapaki pembeni, kuvuta dipstiki kukavu kabisa, hata ile ncha haina kitu. Nilitetemeka jamani. Nikanunua lita mbili kiduka cha jirani nikaweka zote ndo nikaendelea na safari.

Tangu hapo naongeza oili kila nikikumbuka. Chini haivuji, pale ninapopaki sakafu ni safi. Moshi upo ila sio wa kutisha, nikiwasha asubuhi unatoka kidogo wa bluu bluu, na mtu aliyekuwa nyuma yangu aliniambia nikikanyaga mafuta kupanda mlima unaonekana.

Sasa fundi wa kwanza anasema ni ovahoo, yani kufungua injini yote na kubadilisha vilivyochakaa, milioni na laki 3. Fundi wa pili anasema usiharibu hela yako mwalimu, kuna dawa ya injini, kopo 28,000, unaimimina kwenye oili inaziba mikwaruzo ya ndani na moshi unakata siku hiyo hiyo. Nimeenda dukani kuuliza, muuzaji akanionesha kwa macho yangu mashine ndogo ina ringi inazunguka na mkono unaokandamiza chuma juu yake, na oili ya kawaida inapiga kelele na kusimama, akitia dawa inazunguka tu hata akining'inia kwenye mkono. Nimeshanunua kopo moja, lipo kwenye buti sijalifungua.

Je hizi dawa zinafanya kazi kweli? Mwenye uzoefu tafadhali, huu mshahara wenyewe mnaujua.

mzee_wa_110

Mwalimu pole na safari ya msiba. Mimi nakupa uzoefu wangu bila kuficha. Nina Corolla 110 toka 2013, ilianza moshi kama wako, nikawekewa dawa nzito hivi inamiminika kama asali, moshi ukakata siku hiyo hiyo kama ulivyoambiwa na mlio wa injini ukapoa. Toka hapo kila nikimwaga oili natia kopo moja, mwaka wa tatu huu na gari inanipeleka shamba Kilosa na kurudi. Moshi hua unarudi rudi nikikaribia kumwaga oili, lakini nikitia nyingine unapotea. Kwaiyo kwangu imefanya kazi, siwezi kusema uongo.

fundi_nyakato

Mwalimu salaam, na mzee wa 110 shikamoo. Mimi nafungua injini Mwanza mwaka wa 22 huu, naomba niandike kirefu kidogo maana hili swali naulizwa kila wiki.

Mzee hajakosea alichokiona, moshi unakata kweli. Ila tuseme kwa nini unakata. Zile dawa zinazomiminika kama asali kilichomo kwa sehemu kubwa ni kitu cha kuifanya oili iwe nzito. Oili ikiwa nzito inapita kwa shida kwenye ringi za pistoni zilizochoka na kwenye valvu sili (vimpira vinavyozuia oili isishuke kwenye valvu) zilizokauka, kwaiyo inayofika kwenye moto ni kidogo na moshi unapungua. Hakuna mkwaruzo ulioziba hapo. Afu ule uzito unakatwakatwa na injini yenyewe kadri inavyosaga, ndo maana mzee anaona moshi unarudi akikaribia kumwaga. Ringi ni zile zile na zinaendelea kuisha.

Kwa 110 ya zamani uzito huo inaweza kuuvumilia. 1NZ ya mwalimu ina VVT-i, maana yake oili hailainishi tu, ndiyo inayosukuma kile kifaa cha mbele kinachosogeza kamshafti, mhimili unaofungua valvu. Inapita kwenye kavalvu kadogo kenye kachujio kadogo sana. Ukiifanya oili kuwa uji, asubuhi inachelewa kufika juu, na kwenye hizo sekunde za kwanza baada ya kuwasha vyuma vinasagana bila oili ya kutosha. Nimeshafungua tapeti kava (kava ya juu ya injini) za gari zilizolishwa dawa miaka, chini ya kava kuna tope jeusi unalichota kwa bisibisi. Sisemi dawa peke yake ndiyo iliyoleta lile tope, mara nyingi mwenye gari alikuwa pia hamwagi oili kwa wakati kwa sababu ana imani na kopo, na hilo ndo linaloniuma zaidi.

Halafu watu hawajui kwamba oili unayonunua tayari ina dawa ndani. Kwenye kopo la oili robo tatu au zaidi ni mafuta ya msingi, kinachobaki ni kemikali: ya kusafisha, ya kuzuia uchafu usigandane, ya kulinda chuma kisisagane, ya kuzuia povu, ya kuzuia oili isioze kwa joto. Vimepimwa kwa uwiano na vikajaribiwa vikiwa pamoja, ndo hapo kopo linaandikwa API SN au SP, alama za daraja la ubora. Ukimimina kingine juu yake umebadilisha mchanganyiko uliojaribiwa na hakuna aliyeujaribu huo wako mpya. Ni kama uji wa mgonjwa umeshawekewa chumvi jikoni afu kila anayepita anaongeza kijiko chake.

Kile kimashine cha dukani nakijua. Kinapima chuma kikikandamizwa juu ya chuma kwa nguvu kwenye sehemu ndogo kama punje ya mchele. Ndani ya injini beringi za krenki zinaelea juu ya oili inayoletwa na pampu kwa presha, hazikandamizwi hivo. Kuna kemikali zenye klorini zinashinda vizuri sana kwenye kile kimashine na kwenye injini yenye joto na unyevu zinakula chuma. Kwaiyo ulichokiona kwa macho yako ni kweli kimetokea, ila hakihusu injini yako.

Sasa cha kufanya. Usiingie ovahoo na usifungue kopo, kwanza PIMA. Hakuna fundi hata mmoja kati ya hao wawili aliyepima kitu, na mimi hapo ndo nakasirika. Paki sehemu tambarare asubuhi injini ikiwa baridi, jaza oili hadi alama ya juu kamili, andika kilomita. Tembea km 1000. Paki pale pale asubuhi, chukua chupa ya maji ya nusu lita iliyokauka vizuri, uwe unaongeza oili kwa chupa hiyo hadi alama ile ile, utajua imekula ngapi. Katikati ya safari uwe unachungulia, ikishuka karibu na alama ya chini ongeza na uandike umeongeza kiasi gani, isije ikakauka tena kama Gairo.

Pia angalia moshi unatoka saa ngapi. Ukitoka asubuhi tu baada ya gari kulala afu ukaisha, mshuku valvu sili. Ukitoka ukiachia mafuta kwenye mteremko mrefu afu ukakanyaga tena, valvu sili pia. Ukitoka ukiwa unakanyaga kupanda mlima, ringi. Wewe umetaja asubuhi na mlima, kwaiyo inaweza kuwa vyote, au kuna kitu kidogo kimeziba. Tafuta fundi mwenye geji ya kompresheni (presha ya ndani ya silinda), apime silinda zote nne injini ikiwa ya moto, afu atie oili kidogo sana kwenye silinda na apime tena. Kama ilisoma chini afu ikapanda sana ni ringi, ilisoma chini na isipopanda ni valvu. Ila kuna mtego: ile ringi ya chini kabisa, ya kukwangua oili, inaweza kuwa imegandiana na kaboni na kompresheni ikasoma vizuri tu. Asikwambie kompresheni nzuri basi ringi zote nzima.

probox_ya_mariakani

Dada mwalimu, mimi niko Mariakani huku Kenya, nabeba mboga kwenda Kongowea na Probox, injini ni hiyo hiyo yako ya 1NZ. Yangu ilikuwa inachoma oil karibu lita moja kwa kila kilomita elfu, makanika wawili walisema engine imeisha, nitafute ingine. Mmoja alinitilia dawa mara mbili, sikuona tofauti.

Ilikuja kuonekana na mzee mmoja makanika wa zamani, hakufungua chochote, aliuliza tu PCV valvu mara ya mwisho ulibadilisha lini. Sikuwa najua hata ni kitu gani. Ni kakitu kadogo kamefungwa juu kwenye kava ya injini, kana paipu ya mpira inayoenda kwenye intek, pale injini inapovutia hewa. Kazi yake ni kuvuta mvuke wa chini ya injini uchomwe. Kakiziba presha inajaa chini na oil inasukumwa kwenda mahali haifai, na kakikwama wazi injini inanyonya oil moja kwa moja. Kafungue ukatikise, kakiwa kazima kanalia kacha kacha. Kangu kalikuwa kimya, kamejaa gundi nyeusi. Nilinunua kapya, bei haifiki hata ya hilo kopo lako. Haikuisha kabisa lakini ilitoka lita moja ikawa chini ya nusu, na hapo ndipo nilipo mpaka leo, naongeza kidogo na kazi inaendelea.

Anza na hako kwanza kabla ya milioni.

bodaboda_songea

Naomba niongezee upande wetu wa pikipiki maana kuna vijana wanasoma hapa. Hizi dawa za kulainisha za magari MSITIE kwenye pikipiki. Mimi nilitia nikiamini injini itakuwa nyepesi, siku ya tatu nina abiria na gunia la mahindi napanda kilima, injini inalia juu kabisa pikipiki haiendi, nikafikiri cheni imekatika kumbe klachi inateleza. Pikipiki zetu klachi inaogelea kwenye oili hiyo hiyo ya injini, sasa ukitia kitu cha kufanya vyuma viteleze na klachi nayo inateleza. Nimemwaga oili mara mbili mfululizo bado, mwisho nikanunua klachi pleti mpya seti nzima na siku mbili sikufanya kazi wakati hesabu ya bosi inanisubiri. Angalia kopo la oili liwe na maneno JASO MA au MA2, hiyo ndo ya klachi ya kwenye oili, na usiongeze chochote juu yake.

msoma_lebo

Fundi Nyakato ameongea vizuri sana. Niongeze ya historia maana watu wanadhani huu mjadala umeanza juzi na kwamba wanaopinga ni mafundi wanaotaka hela za ovahoo.

Marekani hizi dawa ziliuzwa kwa mamilioni ya makopo miaka ya themanini na tisini. Iliyovuma kuliko zote iliitwa Slick 50, ilikuwa na chembe za PTFE, ile ile inayofanya kikaangio kisishike yai. Hoja ilikuwa kwamba chembe zinajipaka kwenye chuma na injini inalindwa hasa wakati wa kuwasha. Tume yao ya biashara, FTC, iliwashtaki kwa kutangaza madai yasiyo na ushahidi, na kesi ikamalizwa mwaka 1997 kwa makubaliano kwamba wasidai tena mambo hayo bila ushahidi wa kisayansi. Baada yao zikafuata zingine kadhaa, Prolong nayo ilikuwemo mwaka 1999. Fikiria kile kikaangio kilipakwaje: chuma kilisafishwa, kikaandaliwa na kuokwa kwenye moto mkali kiwandani. Ndani ya injini hakuna anayefanya hivyo, ni oili inazunguka tu, na filta ipo pale kwa kazi ya kukamata vitu vidogo vidogo.

Ushahidi mwingine ambao kwangu una nguvu kuliko wote ni wa Toyota wenyewe. Injini ya 2AZ, ile ya 2400 iliyo kwenye Harrier, Kluger, Vanguard na Alphard nyingi hapa kwetu, za miaka fulani zilijulikana kwa kula oili. Kule Marekani waliweka utaratibu wa kupima, gari ikila zaidi ya kwata moja, kama mililita 950 hivi, ndani ya maili 1,200, ambazo ni kama km 1,900, inahesabika ina tatizo. Na iliyofeli kipimo ilibadilishiwa pistoni na ringi. Watu walioichora ile injini, wenye maabara na makemia wao, kama kopo lingetosha wangemimina kopo, maana ni rahisi mara mia kuliko kushusha injini. Na muone pia kwamba hata wao walianza na kupima.

Sisemi kila kilichomo kwenye makopo ni maji. Zinki ile inayolinda chuma ni kitu halisi, na mwenye Peugeot 504 au Volkswagen za zamani za injini nyuma, ambazo tapeti zinasagana moja kwa moja na kamshafti, ana sababu ya kuitafuta oili yenye zinki zaidi. Lakini hiyo zinki inakuja pamoja na fosforasi, na fosforasi ikichomwa inaua masega ya ekzosi (katalitiki, inayosafisha moshi), ndo maana oili mpya zimewekewa kikomo. IST yako ina masega (kama hawajayatoa), usiiongezee.

teacha_wa_ilazo

Asanteni sana, yani nimesoma kila jibu mara mbili. Fundi Nyakato swali, kuna rafiki amenishauri nitie dawa ya kusafisha injini, ile unaweka dakika kumi kabla ya kumwaga oili. Na je nihamie 20W-50, ile oili nzito? Pale gereji wanasema ndo ya magari yaliyotembea.

fundi_nyakato

Ya kusafisha usiweke kwenye injini ambayo hujui historia yake. Kama kuna tope linabanduka vipande vipande, linaenda kuziba chujio la kwenye sampu (beseni la oili chini ya injini), pampu inakosa cha kuvuta na unaua beringi ndani ya dakika chache. Njia ya usalama ni ya polepole: mwaga oili mapema, kila km 3000, mara tatu nne hivi na filta mpya kila mara. Oili nzuri inasafisha yenyewe taratibu, hiyo kazi imo ndani yake.

20W-50 kwa 1NZ hapana. Hamia 10W-40 tu, Dodoma hakuna baridi ya kuizuia, na ni nzito kidogo lakini imejaribiwa ikiwa kamili. Inaingia lita 3.7 ukibadilisha na filta, usiwaache wamimine kopo lote la lita 4 kwa mazoea. Nunua duka unaloliamini, angalia sili ya kifuniko na nembo ya TBS, maana oili feki nayo ni ugonjwa mwingine.

teacha_wa_ilazo

Wakuu nimerudi baada ya wiki saba, niliahidi moyoni nisiwaache bila majibu maana mada nyingi hua zinakatika katikati.

Kipimo cha kwanza: km 1000, imekula mililita 850. Nilifanya kama alivyoelekeza fundi, nyuma ya nyumba pale pale, chupa ya maji nimeichora mistari kwa kalamu.

Nikampata fundi hapa Dodoma mwenye geji ya kompresheni. Silinda ya kwanza psi 170, ya pili 168, ya tatu 172, ya nne 165. Alipotia oili kidogo zikapanda kidogo tu. Amesema ringi za juu na valvu ziko sawa kwa umri wa gari, anashuku hiyo ringi ya chini mliyoisema. Nikamwambia na PCV pia, akafungua, akaitikisa, kimya kabisa, akajaribu kuipuliza haipitishi pande zote mbili. Kaka wa Mariakani Mungu akubariki, ilikuwa gundi tupu. Nimenunua mpya 18,000, nimebadilisha na ule mpira wake maana ulikuwa umepasuka kwa chini, nikamwaga oili nikaweka 10W-40 na filta.

Kipimo cha pili baada ya hapo: km 1000, mililita 380. Moshi wa mlimani mdogo wangu alinifuata na gari lake hadi Kibaigwa anasema hauoni. Wa asubuhi bado upo kidogo. Taa haijawaka tena hata mara moja, na sasa kila Jumapili nachungulia dipstiki kabla ya kwenda kanisani.

Kopo la dawa nililipeleka dukani hawakukubali kulirudisha. Liko store halijafunguliwa.

fundi_nyakato

Mwalimu umefanya kazi nzuri kuliko mafundi wengi. 380 kwa elfu kwa gari la umri huo unaishi nayo. Endelea kumwaga mapema kama nilivyosema, upime tena baada ya kumwaga mara mbili. Ikibaki hapo hapo kuna njia ya kuloweka pistoni kupitia matundu ya plagi usiku mzima ili kaboni ya kwenye ringi ilainike, wakati mwingine inafungua wakati mwingine haifungui, ila afanye mtu anayejua kuinyonya ile dawa yote itoke kabla ya kuwasha na kumwaga oili papo hapo. Moshi wa asubuhi ni valvu sili, zinabadilishwa bila kushusha injini. Ukiwa na hela, sio dharura.

mzee_wa_110

Na mimi nimepima. Nilitaka kuwaonesha kwamba yangu haina shida. Km 1000, na dawa ikiwa ndani, imekula lita moja na robo. Miaka yote naongeza kidogo kidogo kila Jumamosi sikuwahi kujumlisha. Fundi, kwenye 110 hiyo PCV inakaa upande gani?

fundi_nyakato

Mzee wangu ni juu hapo hapo kwenye tapeti kava, fuata paipu nyembamba ya mpira inayotoka kwenye kava kwenda intek, mwanzo wake ndo PCV. Piga picha injini ukiwa umefungua boneti uiweke hapa nikuzungushie duara.